Milango ya trela ya kulala: ninunue au nitengeneze?

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Columbus, Ohio, na ninajenga trela ndogo ya kulala, ile yenye umbo la tone la maji, futi 4 kwa 8, juu ya chasisi ya kununua. Kuta ni plaiwudi ya inchi robo tatu na zimeshasimama, ila matundu ya milango sijakata. Nimewahi kutengeneza makabati ya jikoni kwangu, basi. Milango ya dukani niliyoiona ni kama dola 350 kila mmoja bila usafiri, na yote ni ya mstatili. Mimi nataka ule mlango wa kizamani unaopinda chini kufuata madigadi. Mke wangu anasema ninunue, tusije tukalala ndani ya maji. Unasemaje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kukata. Wengi huniandikia tundu likiwa limeshatobolewa, mlango walioagiza umefika, na hauingii kwa nusu inchi. Hapo hata fundi hodari anabaki kubahatisha.

Kwa hali uliyoieleza, tengeneza. Ila usitengeneze kwa kutafuta akiba. Ukijumlisha raba nzuri, bawaba ya chuma kisichoshika kutu, kitasa kinachofunguka ndani na nje, na dirisha la kununua lenye wavu wa mbu, kitakachobaki kwenye zile dola 350 ni kidogo. Ukikosea kununua raba mara moja tu, akiba yote imekwenda. Nasema utengeneze kwa sababu mlango unaoutaka haupo dukani, na kwa sababu ukuta wako ni ubao mmoja mzima wa unene wa milimita 18 hivi. Kipande utakachokitoa ndicho mlango wenyewe: unene uleule, ubao uleule, hata kama umejipinda kidogo, umejipinda pamoja na ukuta wake. Ukikitupa kipande hicho ukaenda kukata mlango kwenye ubao mwingine, umejitafutia kazi.

Ningekwambia ununue kama ukuta wako ungekuwa wa matabaka, yaani plaiwudi nyembamba nje na ndani na bodi ya povu katikati. Mlango wa dukani umetengenezwa kwa kuta za namna hiyo. Fremu yake ya alumini inaingizwa kutoka nje, chini ya ukingo wake unalaza tepu ya butili (tepu nzito inayonata ya kuzuia maji), halafu ndani kuna fremu ya pili inayokazwa kwa skrubu hadi ukuta unabanwa katikati. Ni kazi ya asubuhi moja ikiwa tundu limekatwa sawa. Na ukienda njia hiyo, mambo ya kumuuliza muuzaji ni kipimo cha tundu (si cha mlango, maana ukingo wa fremu unazidi tundu pande zote), unene wa ukuta ambao fremu inaukubali, na bawaba ziko upande gani ukiutazama mlango kutoka nje. Mlango wa kushoto na wa kulia wa trela si mmoja. Watu huagiza miwili inayofanana, kisha mmoja unafungukia nyuma. Kipimo kinachoonekana sana kwa trela hizi ni inchi 26 kwa 36. Wewe uko Columbus. Elkhart, Indiana, ambako karavani nyingi za Marekani hutengenezwa, ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, na kuna maduka yanayouza mabaki ya viwanda. Mlango uwe mkononi mwako kwanza, ndipo ukate tundu. Sijui namna ya kulisisitiza hili zaidi.

Sasa turudi kwa shemeji, kwa sababu hofu yake ndiyo kiini cha barua hii. Anaogopa maji, na maji hayaingii kupitia ubao. Yanaingia kupitia pengo lililouzunguka.

Useremala nilijifunza Mombasa, Mji wa Kale, kwa mzee aliyekuwa akikarabati milango ya nakshi. Milango ile ina mbao mbili zinazokutana katikati, na pale zinapokutana kuna mfaa: mti uliosimama wima, umepigiliwa kwenye ubao mmoja na kuulalia wa pili, ukafunika mwanya wote kutoka juu hadi chini. Wageni hupiga picha nakshi ya mfaa. Mzee alinifundisha kutazama kazi ya mfaa wenyewe. Mbao mbili haziwezi kukutana sawasawa mwaka mzima. Masika zinavimba, kaskazi zinasinyaa. Basi mwanya hupigani nao. Unauacha uwe na nafasi yake, kisha unaufunika.

Mlango wako utajengwa kwa akili hiyohiyo. Nje kuna kifuniko kinacholalia ukuta, kazi yake kuzuia wingi wa mvua na upepo wa barabarani. Katikati kuna pengo lililo wazi, na maji machache yatakayopita kifuniko yanashuka humo hadi chini na kutoka. Ndani kuna raba, ambayo kwa mpango huu haikutani na mvua yenyewe. Inazuia unyevu uliobaki, vumbi na baridi. Mlango unaotegemea raba peke yake utavuja, ni suala la msimu gani tu.

Trela yangu ya kwanza niliijenga bila kukumbuka somo la mfaa. Nilibandika raba nene ndani ya pengo lenyewe, pande zote nne, na chini nikaongeza silikoni nikiona ndipo pa hatari. Msimu wa kwanza ilikuwa kavu kabisa na nilijivuna nayo. Msimu wa tatu, nikiwa naifuta vumbi, nilibonyeza kizingiti cha chini kwa kidole gumba na kidole kikazama ndani ya ubao kama kwenye mkate uliolowa. Maji yalikuwa yakipenya juu tone kwa tone, yanashuka pembeni, yanakuta chini kumezibwa, yanakaa. Plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake, na mimi nilikuwa nimeitengenezea bakuli. Nilikata ukuta ule upya. Tangu hapo chini ya mlango sizibi.

Kabla hujashika mashine, hakikisha trela imesimama kwa magurudumu yake, imelala sawa kwa pimamaji, sakafu imefungwa, na mbao zinazovuka juu kutoka ukuta hadi ukuta zimeshapigwa. Kama hizo za juu bado, zipige kwanza. Ukuta wenye tundu kubwa bila paa unalegea kama karatasi. Ukikata mlango leo na ukapiga paa wiki ijayo, pengo uliloliacha sawa utalikuta limebana juu na kupanuka chini.

Mchoro wa mlango uchore kwenye boksi la karatasi ngumu kwa ukubwa wake halisi, ulibandike ukutani uone linavyokaa, kisha ulitoboe tundu hilo na ulisimamishe wima. Ingia na kutoka mara kadhaa. Mwambie na shemeji aingie. Ukuta wako ni wa futi 4 kwenda juu, kwa hiyo mlango wa inchi 36 unakuachia inchi 12 za kugawa: acha kama 5 chini na 7 juu. Zile za chini usizipunguze, kwani ukuta ndio unaobeba trela kama boriti na chini ya mlango ndipo unapokuwa mwembamba kuliko kote. Ukumbuke pia godoro: likiwa la inchi 4 juu ya sakafu, kizingiti cha inchi 5 kinalizuia lisitoke. Pembe zote ziwe za mviringo, nusu kipenyo kisiwe chini ya inchi 3. Pembe kali ndipo plaiwudi inapoanza kupasuka kwa mitikisiko ya barabara, na hakuna raba inayokubali kukunjwa digrii 90 bila kuacha njia ya maji. Mkunjo wa madigadi nao uache inchi mbili za ubao kati yake na madigadi yenyewe. Gurudumu hupanda na kushuka, na matope yanahitaji mahali pa kwenda.

Ukingo wa mbele wa mlango, ule ulio upande wa gari, uwe umenyooka wima, kwa sababu ndiko bawaba inakokaa. Mlango ukijifungua safarini na bawaba iko mbele, upepo unaurudisha. Ikiwa nyuma, upepo unaung'oa. Pia pini ya bawaba ni mstari mmoja ulionyooka. Haiwezi kukaa kwenye mkunjo.

Kwa kukata, tumia ruta (mashine ya mkono ya kuchonga mbao) yenye biti ya robo inchi, yaani milimita 6, ikifuata kigezo cha plaiwudi kilichokatwa na kulainishwa kwa msasa mpaka kiganja chako hakisikii bonde wala kilima. Kama huna ruta, kodi ya siku moja. Jigsoo, ule msumeno wa umeme wa mkono, itakata, lakini bledi yake inaacha mwanya wa milimita mbili hivi, kisha utalazimika kuparuza kingo kwa mkono ili upate nafasi ya kutosha, na kuparuza kwa mkono ndiko kunakozaa pengo la milimita 3 hapa na 7 pale. Biti ya milimita 6 inakupa pengo lote kwa mkato mmoja, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kata kutoka nje, milimita 4 au 5 kila mzunguko. Usiharakishe, plaiwudi ikiungua kingo zinakuwa ngumu na epoksi, ile gundi ya majimaji utakayozizibia, haiingii.

Hapa sasa pana siri ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Mzunguko wa mwisho usiumalize. Acha vishikizo vinne, kila kimoja urefu wa inchi moja, ambapo milimita 4 za mwisho za ubao hazijakatwa: viwili ukingo wa mbele, viwili wa nyuma. Mlango umeshakatwa lakini bado umeshikwa na ukuta wake, uko mahali pake kamili kuliko utakavyowahi kuuweka kwa kabari na mikono minne. Funga bawaba sasa hivi. Toboa matundu yake yote, kaza, hakikisha pini iko katikati ya pengo. Kisha ifungue bawaba, maliza kukata vishikizo, toa mlango, ufanyie kazi zote za kingo na rangi ukiwa umelala mezani. Siku ya kuurudisha, bawaba inarudi kwenye matundu yaleyale na pengo ni lilelile. Kupachika mlango uliokwisha kutoka ni kazi ya jioni nzima ya kuhema na kupima. Kwa njia hii inakuwa kazi ya nusu saa.

Bawaba nenda na ile ndefu, ya piano, ya chuma kisichoshika kutu, urefu wote wa sehemu iliyonyooka. Mlango wako wa milimita 18 utakuwa na uzito wa kilo 6 au 7 kabla ya dirisha, na bawaba ndefu inaugawa uzito huo kwa ukuta mzima. Tumia bolti zinazopita hadi ndani zenye washa pana (vile vipete bapa vya chuma), angalau juu, kati na chini. Skrubu peke yake kwenye plaiwudi ya unene huo zitalegea. Chini ya mabawa yote mawili ya bawaba laza ukanda mmoja mwembamba wa mpira unaovuka pengo. Mlango ukifunguka ukanda unakunjika, ukifungwa unanyooka tena. Huo ndio mfaa wa upande wa bawaba, kwa sababu kifuniko cha kawaida hakiwezi kukaa huko. Kikivuka mstari wa pini, kitajikwaa ukutani mara mlango unapofunguka.

Pande nyingine tatu, wenzangu wengi hutumia ukanda wa alumini wa umbo la T, mguu wake ukipigwa kwenye ukingo wa mlango na bawa likifunika pengo. Ni kifaa kizuri kwa mlango wa mstatili. Kwa mlango wako sikishauri. Mkunjo wa madigadi unaingia ndani, na T ikilazimishwa kuingia ndani hukunjamana kama sketi ya marinda. Badala yake nunua bamba la alumini la unene wa milimita 2 na ukate kifuniko chako bapa, kwa jigsoo yenye bledi ya chuma, kikifuata umbo la mlango: upana wa milimita 40 hivi, wenye kuzidi ukingo wa mlango kwa milimita 18, yaani sita za pengo na kumi na mbili za kulalia ukuta. Kikate kwa vipande, na maungio yawe kwenye sehemu zilizonyooka za wima au juu katikati, kamwe yasiwe kwenye pembe za chini. Kibandike usoni mwa mlango kwa gundi ya poliyurethani na skrubu fupi za chuma kisichoshika kutu. Skrubu za chuma cha kawaida zisiguse alumini. Ikija chumvi ya barabara za Ohio wakati wa baridi, vitalana. Chini ya sehemu inayolalia ukuta weka tepu nyembamba ya sponji, juu na ukingo wa nyuma. Chini usiweke. Chini ndiko mlango wa maji kutoka.

Na kizingiti cha chini, ukingo wa tundu wenyewe, uurande uiname kuelekea nje. Si lazima iwe sana. Dondosha tone la maji ndani, ukiliona limetoka lenyewe, inatosha.

Ndani unahitaji fremu ya kuegemea raba. Hapa wajenzi wapya huchanganyikiwa, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Mlango ukifungwa unakuwa usawa mmoja na ukuta, nje na ndani. Raba ikiwa bapa kati ya mlango na fremu inahitaji nafasi yake, la sivyo mlango utasukumwa nje. Kwanza piga mkanda wa plaiwudi ya milimita 6 kuzunguka tundu, kwenye uso wa ndani wa ukuta, ukingo wake ukiwa sawa na ukingo wa tundu. Juu ya mkanda huo piga wa pili, mpana zaidi, ambao unaingia tunduni kwa milimita 25 kupita ukingo. Sasa kati ya uso wa ndani wa mlango na mkanda wa pili una nafasi ya milimita 6. Raba ya bomba, ile ya mpira wa EPDM yenye tundu katikati, ya unene wa milimita 10, ikibanwa humo inabaki na sita. Huo ndio mbano mzuri: imeshiba lakini haijafa. Raba iliyobanwa mpaka bapa hupoteza uhai wake, na baada ya mwaka haisimami tena hata mlango ukiwa wazi.

Upande wa bawaba una tabia yake. Pande nyingine mlango unaikabili raba uso kwa uso na kuibonyeza. Karibu na pini unapita ukiisugua kwa ubavu. Raba ya milimita 10 hapo itakataa, mlango utarudi nyuma kama uliofungwa kwa springi, na wewe utafikiri kitasa ni kibovu. Isogeze raba ya upande huo mbali na pini kadiri mkanda unavyoruhusu, au utumie nyembamba zaidi. Kiungio cha raba kiwe chini, katikati, na kisiwe kwenye pembe.

Kitasa weka kilicho na kazi ya kuvuta mlango ndani kinapofungwa, si cha kuushikilia tu. Kiwe katikati ya urefu wa ukingo wa nyuma uliobaki juu ya mkunjo. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini: kila mlango lazima ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, gizani, kwa mkono wa mtu aliyeshtuka usingizini. Nimeona trela zilizofungwa kwa pete na kufuli nje, wenyewe wakisema ni kwa usalama wa vitu. Mtu yeyote akipitisha hata kijiti kwenye pete ile, waliolala ndani hawana pa kutokea. Kwa sababu hiyohiyo usikubali mlango mmoja tu ili kupunguza kazi. Chumba cha futi 4 kwa 8 chenye jiko nyuma yake kinahitaji njia mbili za kutoka, kipitishi hewa kisichozibika na king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi. Ukishapata raba nzuri mambo haya yanazidi kuwa ya lazima, maana umeziba mianya iliyokuwa ikiingiza hewa bila wewe kujua.

Dirisha nunua lililokamilika, lenye fremu ya kubana na wavu, ukitaja unene wa ukuta wa milimita 18. Kati ya tundu la dirisha na ukingo wa mlango zibaki inchi 3 za ubao pande zote, au zaidi. Tundu hilo la dirisha likate wakati mlango bado umeshikwa na vishikizo, kama unaweza.

Kingo za plaiwudi ndizo zitakazoamua trela yako itaishi miaka mingapi. Ukingo wa mlango, ukingo wa tundu, tundu la dirisha, matundu ya bolti: vyote vinyweshe epoksi nyepesi, mara tatu, ukipaka tena kabla ya mpako uliotangulia haujakauka kabisa. Mpako wa kwanza utautafuta hutauona, umenyweka wote. Matundu ya bolti toboa makubwa kuliko bolti, jaza epoksi, ikikauka toboa upya kwa kipimo sahihi. Maji yakifika hapo yanakuta plastiki, hayakuti mbao. Kisha rangi. Mlango uukaushe umelala bapa na uupake pande zote mbili idadi sawa ya mipako. Uliopakwa nje mara nne na ndani mara moja utajipinda, na mlango uliojipinda milimita 5 kwenye pembe ya chini hakuna raba itakayoufuata. Silikoni iweke mbali na kazi hii yote. Ikishagusa mbao, rangi haishiki tena pale, na siku ya kukarabati utailaani.

Juu ya mlango piga gata ndogo ya alumini, iliyopinda kidogo katikati, ncha zake zikizidi mlango inchi mbili kila upande. Paa la tone linamwaga maji yake yote kwenye kuta, na bila gata yanakuja moja kwa moja kwenye ukingo wa juu.

Kupima kazi, anza na karatasi. Kata mkanda wa karatasi ya kawaida, fungia kwenye mlango, uvute. Ukitoka kwa kukwaruza, raba inafanya kazi pale. Ukitoka bure, hapana. Zunguka mlango mzima kila inchi nne. Ukikuta pembe ya chini nyuma ya mkunjo imelegea, na mara nyingi ndiyo inayolegea kwa kuwa iko mbali na kitasa, weka ukanda wa tepu nyuma ya raba pale kuisogeza mbele, au ongeza kitasa kidogo cha pili. Usiku ingia ndani, shemeji azungushe tochi nje. Mwanga unaouona ni njia ya upepo. Halafu bomba la bustani: dakika kumi ukimwagia kutoka juu, kisha dakika tano ukielekeza kutoka mbele na chini, kwa sababu gari likienda maili 60 kwa saa mvua haitoki juu tu. Fungua mlango taratibu na uangalie pengo. Ukiona limelowa na raba kavu upande wa ndani, kila kitu kinafanya kazi yake. Ukiona maji yamesimama kwenye kizingiti, rudi na randa.

Mlango wa pili usiukate siku hiyohiyo. Funga wa kushoto, iburute trela kwenye barabara mbovu kidogo, iache nje wiki nzima mvua inyeshe, uufungue na kuufunga mlango mara hamsini. Utakuta kitu cha kurekebisha, labda pengo lililotaka milimita moja zaidi chini, labda kitasa kilichokaa juu mno kwa mkono wa shemeji akiwa amelala. Rekebisha kigezo kwanza, kigeuze kama ukurasa, uso wa nje uangalie ubao, kwa ajili ya upande wa kulia, ndipo uwashe ruta.